KUPASUA KUNI KATIKA MTI ULIOANGUKA

Katika nchi ya Mbinga mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba, nayo huendelea hata Aprili au Mei. Miezi hiyo ardhi ya milimani hulowa sana, mizizi hulegea, na upepo ukivuma kwa nguvu miti mikubwa hung'oka. Huko chini, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, miti haingoji mvua. Upepo wa kusi, ambao wavuvi wa ziwa huuita mwera, huvuma wakati wa kiangazi na kuangusha mikuyu na miembe iliyozeeka.

Mti mkubwa ukianguka, habari huenea kijijini upesi, maana kuni ni haja ya kila nyumba. Hazitakiwi kwa chakula tu, bali hata kwa kuchoma matofali na kukaushia samaki. Basi kabla ya jua kutua watu wamekwisha kufika na mashoka na mapanga, wanawake kwa wanaume, na watoto nao, kila mmoja ameshika tawi lake na kulikata apendavyo. Twataka kueleza kwa nini haraka hiyo ni hatari, na jinsi kazi hiyo ipasavyo kufanywa, ili mti uliokuja kama bahati usiache msiba nyuma yake.

Mti ulioanguka haujatulia

Watu wengi hudhani ya kuwa mti ukiisha kuanguka hatari yake imekwisha. Sivyo. Mti uliosimama uzito wake hushuka kwa njia ya shina mpaka mizizini, nao umezoea kuuchukua uzito huo tangu ulipokuwa mche. Lakini mti ulioanguka umelala jinsi usivyozoea. Pengine umelalia matawi yake, kama mnyama aliyelalia miguu yake. Pengine shina lake limepita juu ya korongo kama daraja. Pengine umeukandamiza mti mdogo na kuupinda mpaka chini. Kila palipopindwa pana nguvu iliyofichwa, nayo yangoja tu mtu wa kuifungulia.

Kila mvulana aliyepata kutega ndege aijua nguvu hii. Akipinda ufito na kuufunga kwa kamba, ufito hukaa kimya kutwa nzima. Lakini mtego ukifyatuka, ufito huruka kwa ghafula na ndege hana nafasi ya kujiokoa. Basi tawi nene kama paja la mtu, lililopindwa na uzito wa mti mzima, ni ufito wa namna ile ile. Tofauti yake ni hii tu, kwamba mtu mwenye shoka amesimama karibu na mtego, naye mwenyewe ndiye anayeukata.

Na uzito wenyewe si mdogo. Gogo la mkaratusi mbichi lenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 4 lina ujazo upitao kidogo mita moja ya ujazo, na uzito wake waweza kuwa tani moja, yaani sawasawa na magunia 10 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Hapana mtu awezaye kuzuia kitu kama hicho kwa mikono yake kikianza kubingirika.

Wala hatari hii si ya watu wasio na zana tu. Katika nchi ya Uswidi, huko Ulaya, dhoruba ya tarehe 8 na 9 Januari 2005 iliangusha miti mingi mno, ikapata mita za ujazo milioni 70 na zaidi kwa siku hizo mbili. Wakataji wa nchi ile wana mashine nzuri, kofia ngumu na mafunzo ya miaka mingi. Hata hivyo baadhi ya watu walikufa baada ya upepo kwisha, katika kazi ya kuikata miti iliyokuwa imelala chini. Basi ikiwa mabingwa wale walipatwa na mauti, yatupasa sisi wa shoka na panga kwenda kwa uangalifu zaidi.

Kuutazama mti kabla ya kuugusa

Kazi ya kwanza si ya shoka, ni ya macho. Upepo na mvua zikiwa bado, mti uachwe. Hali ikitulia, watu wawili wenye ujuzi wauzunguke mti wote polepole, wakitazama mambo haya.

Kwanza, nyaya za umeme. Mti ukiwa umeangukia waya, mtu yeyote asiukaribie, hata kama waya waonekana kuwa umekatika, wala asiguse tawi lolote la mti huo, kwa kuwa umeme waweza kupita katika mti mbichi. Watu wote wakae mbali, na habari ipelekwe kwa wenye kazi ya umeme. Hata watakapofika na kusema ya kuwa umeme umezimwa, hakuna kuni.

Pili, juu. Mti ukianguka huvunja matawi ya jirani zake, na matawi hayo huweza kuning'inia huko juu siku nyingi, kisha kuanguka pasipo upepo. Tatu, walalao ndani: nyoka hupenda kujificha penye matawi yaliyolala, na mti wenye pango huenda una nyuki. Nne, utomvu: mnyaa na miti ya jamii yake hutoa maziwa yanayounguza macho, na kukatwa kwake kwataka hadhari ya pekee. Tano, na hili ndilo kubwa, watazame mti umelalia nini, na kila mahali panapotaka kukatwa wajiulize: nikikata hapa, kipande hiki kitakwenda wapi?

Asiyeweza kulijibu swali hilo asikate. Akaketi akautazama mti tena, si aibu. Aibu ni kuchukuliwa kwa machela.

Upande uliobanwa na upande uliovutwa

Chukua ufito mbichi uupinde kwa mikono miwili. Utaona ya kuwa upande wa ndani wa pindo, nyuzi za mti zimebanwa pamoja; na upande wa nje nyuzi zimevutwa, karibu kukatika. Ndivyo lilivyo kila gogo lililopindwa na uzito wake. Mwenye kuzijua pande hizi mbili ameijua nusu ya kazi.

Gogo likiwa limelazwa juu ya vitu viwili, kimoja kila mwisho, kama daraja, katikati yake hulemea chini. Hapo upande wa juu ndio uliobanwa, na upande wa chini ndio uliovutwa. Lakini gogo likiwa limeshikwa mwisho mmoja tu, na mwisho wa pili unaning'inia hewani kama mkono ulionyoshwa, mambo hugeuka: upande wa juu ndio uliovutwa, na wa chini ndio uliobanwa.

Kanuni ni hii: anza upande uliobanwa, ukate kidogo, usipite theluthi moja ya unene wa gogo. Kisha uende upande uliovutwa, ukate polepole mpaka ukutane na mkato wa kwanza. Ukizidisha upande uliobanwa, gogo litaukamata msumeno wako na kuung'ang'ania. Ukianza na upande uliovutwa na kukata kwa nguvu, gogo laweza kupasuka kwa urefu wake kwa ghafula, na kipande kikaruka usoni mwa mkataji. Tena ukate kidogo kidogo, ukisikiliza. Mti ukilia, au mkato ukifunguka wenyewe, ondoa zana yako na urudi nyuma, uuache umalize utakalo.

Gogo lililopindwa kwa upande, kama upinde wa mshale, kwa sababu limebanwa katikati ya miti iliyosimama, ni la hatari kupita yote. Likikatwa litaruka kuelekea upande wa nje wa pindo. Kwa hiyo mkataji asisimame kamwe upande huo, bali upande wa ndani, na njia ya kurudi nyuma iwe imekwisha kusafishwa.

Na ule mti mdogo uliokandamizwa na kupindwa mpaka chini, usiukate kwa pigo moja. Keti upande usiokabili njia yake, uchonge kidogo kidogo sehemu ya ndani ya pindo, mpaka nguvu yake imtoke polepole na mti ulegee. Mafundi hufanya hivyo, na kwa dakika chache mtego umeteguliwa.

Matawi, mizizi na mti ulioegemea

Katika kuondoa matawi, anza na yale ya juu yasiyobeba kitu. Matawi ya chini ambayo mti umeyalalia ni miguu yake. Ukiukata mguu mmoja, mti wote huweza kugeuka na kukulalia. Hayo yaachwe mpaka mwisho, na kabla ya kuyakata, mawe makubwa au magogo yatiwe chini ya shina ili lisibingirike. Siku zote jaribu kusimama ng'ambo ya pili ya shina, tawi likatwalo liwe upande mwingine, ili shoka likiteleza lipige shina wala si mguu wako.

Mti uliong'oka pamoja na mizizi yake una hatari ya peke yake. Mizizi na udongo husimama kama ukuta, na nyuma yake huwa shimo. Uzito wa shina ndio unaoushikilia ukuta ule ulale hivyo. Shina likikatwa, ukuta huweza kurudi shimoni kwa ghafula, ukasimama wima kama hapo kwanza. Au huweza kuangukia upande wa mkataji. Watoto hupenda sana kucheza katika shimo hilo, na wazee wengi hawajui ya kuwa ni mtego. Basi kabla ya shina kukatwa, mtu mmoja awekwe alinde shimo, asiingie mtoto wala mbuzi. Tena shina lisikatwe karibu na mizizi. Kiachwe kipande kirefu, mita 2 hata 3, ili kiuzuie ukuta usianguke mbele. Udongo wa shimo ukirudi mahali pake, ndipo kisiki kitakapoweza kushughulikiwa siku nyingine.

Na mti ulioanguka nusu tu, ukaegemea mti mwingine, usipandwe, usipitwe chini yake, wala mti ulioubeba usikatwe. Watu wengi wenye ushujaa hufa kwa mti wa namna hii. Kama kuna kamba ndefu na ng'ombe au gari, tako la mti laweza kuvutwa nyuma kutoka mbali mpaka uanguke wote. Kama hakuna, wekeni miiba au alama njiani, mkampe habari Afisa Misitu, na mti uachwe.

Mambo ya milimani na mambo ya ziwani

Nchi ya Umatengo ina miteremko mikali. Wenyeji wake wamesifiwa mbali kwa kilimo chao cha ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa kwa safu na kuzungukwa na matuta yenye majani ndani yake, ambayo huzuia maji yasichukue udongo. Nyumba na mashamba hukaa katika ntambo moja, mengine juu na mengine chini. Kwa hiyo katika nchi hii mkataji hana budi kujiuliza si habari za nafsi yake tu, bali habari za walio chini yake. Gogo likitoroka huko juu halitachagua kati ya tuta la ngoro, mbuni wa kahawa na mtoto aliyetumwa maji.

Basi penye mteremko, mkataji asimame siku zote upande wa juu wa gogo. Kabla ya kukata, vigingi vipigwe upande wa chini, na gogo lifungwe kwa kamba katika mti ulio hai au kisiki imara. Watu wawili wazuie njia huko chini mpaka kipande kimelazwa. Wala vipande visibingirishwe kwa mchezo. Vipasuliwe palepale juu, vikateremshwe kichwani kama kuni.

Huku ziwani nchi ya ufukoni ni tambarare, lakini miti mingi husimama penye mchanga au ukingo wa maji. Mti ukiwa nusu majini na nusu nchi kavu, mawimbi huutikisa, nao hugeuka pasipo kutazamiwa. Heri kungoja ziwa litulie, kisha mti uvutwe nchi kavu kwa kamba na watu wengi, ndipo ukatwe. Kuni za mwambao huu zina habari ndefu. Hata meli Chauncy Maples, iliyoshushwa katika Ziwa Nyasa mwaka 1901, iliendeshwa kwa kuni, na magogo mengi yalipasuliwa kwa ajili ya tanuri lake.

Zana

Shoka liwe na mpini imara, na kichwa kisichocheza. Panga halifai kwa shina. Kazi yake ni vitawi. Msumeno wa watu wawili ni zana nzuri sana kwa magogo, kwa kuwa wakataji wote wawili husimama mbali kidogo, nao husikia mti unaposema. Kabari, za chuma au za mti mgumu, hupigwa katika mkato ili usifunge. Kabari ya chuma ambayo kichwa chake kimechanuka kwa kupigwa itolewe kwanza kingo zake kwa tupa, kwani vipande vyake huruka na kupofusha macho.

Wengine siku hizi hukodi msumeno wa mnyororo uendao kwa petroli, ambao watu huuita chenso. Kazi ya siku nzima huufanya kwa saa moja, lakini haumsamehe mjinga. Sehemu ya juu ya ncha yake isiguse mti kamwe, maana ikigusa, msumeno wote huruka nyuma kuelekea uso wa aliyeushika. Usitumiwe juu ya mabega, wala na mtu aliye juu ya tawi, wala na mtu aliyevaa kandambili. Viatu vigumu, kofia ngumu na kitu cha kukinga macho si mapambo.

Mpango wa kijiji

Hatari kubwa kuliko zote si mti, ni watu wengi wanaokata mti mmoja kwa wakati mmoja. Huyu hukata mguu wa mti hali yule amesimama juu ya shina. Wala hapana amwonyaye mwenziwe. Hapo ndipo wakubwa wa vijiji wanapoweza kuokoa roho za watu kwa neno moja tu.

Twashauri hivi. Mti mkubwa ukianguka, mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji atangaze ya kuwa usiguswe mpaka utazamwe. Kwanza ijulikane ni mti wa nani. Kwa maana mti ulioanguka katika shamba la mtu una mwenyewe, na mti wa msitu wa hifadhi una sheria yake, wala kuanguka hakuufanyi kuwa wa kila mwenye shoka. Kisha wateuliwe wakataji wachache wenye ujuzi, watatu au wanne, na mmoja wao awe msemaji, akisema acheni, wote waache. Watu wengine wakae mbali, umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Wakataji wakiisha kuukata mti vipande vilivyolala chini bila nguvu iliyofichwa, ndipo wanawake na vijana waitwe kupasua na kuchukua, na mgawo ufanywe kwa haki. Mtu akijua ya kuwa fungu lake lipo, hatakimbilia tawi la hatari.

Walimu nao wana kazi yao. Shule zipikazo chakula huhitaji kuni, na watoto hutumwa kuzitafuta. Waonywe wasikate wala kupanda mti ulioanguka, wasiingie katika shimo la mizizi, bali waokote vilivyokwisha kulala. Somo la ufito uliopindwa laweza kufundishwa uwanjani kwa robo saa, na mtoto hatalisahau.

Mtu akiumia

Mkataji asiende peke yake, maana aliyebanwa hawezi kujiita msaada. Jeraha litokalo damu nyingi likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, bila kulegeza. Lisitiwe majivu wala majani. Aliyebanwa na gogo asivutwe. Gogo liinuliwe kwa mtaimbo au mti mrefu, na kila linapoinuka kidogo, jiwe au kipande cha mti kitiwe chini yake, ili lisimrudie. Kisha apelekwe hospitali upesi, kama ni Mbinga, Litembo au Liuli, iliyo karibu.

Baada ya hayo

Kuni mbichi zisichukuliwe jikoni siku ile. Mara nyingi karibu nusu ya uzito wa mti mbichi ni maji. Moto hutumia nguvu yake kuyakausha hayo kwanza, na mpishi hupata moshi badala ya joto. Zipasuliwe, zipangwe juu ya mawe au vijiti zisiguse ardhi, zifunikwe juu tu, upepo upite pande zote. Baada ya miezi sita kuni chache zitapika chakula ambacho leo chataka mzigo mzima. Na mahali pa mti ule ulioanguka pandwe mwingine, hasa milimani, ambapo mizizi ndiyo inayoushika udongo.

Wazee walisema ya kuwa mti hauendi ila kwa nyenzo. Nyenzo ya kwanza si mtaimbo wala msumeno, ni akili ya kuutazama mti na subira ya kungoja zamu. Kijiji chenye hizo mbili kitaota moto wa mti wake, na watu wake wote watakuwapo kuuzunguka.